Mbuyu wa mlangoni umeanguka

Lamu, Novemba

Sahibu yangu Shee,

Assalamu alaykum. Sisi hatujambo, mama anakusalimu, na deni la barua najua ni langu. Nitaulizia habari zako mwisho, maana nina jambo limenikaa kifuani na kama sikulitoa kwanza sitaandika kitu.

Omari mwanao mzima. Nalianza na hilo ili usisome mengine mkono ukitetemeka. Mzima, hana hata mchubuko. Lakini Jumanne alipanda mwamba na mashua, na kosa ni langu zaidi kuliko lake.

Mbuyu umeanguka, Shee. Ule wetu. Kusi la mwaka huu liliuchimba mizizi na siku moja ya mvua ukalala. Mimi nilisikia na nikasikitika kama mtu anavyosikitikia mti, basi. Sikukaa nikafikiri kwamba ule haukuwa mti tu, ulikuwa nusu ya alama ya mlango, ile njia yetu ya kupita kati ya miamba. Kijana nilikuwa nimeshamfundisha tangu mwaka jana: ukitoka, geuka utazame bara, mbuyu ukisimama sawasawa juu ya kipara cha mchanga mweupe, umo mlangoni. Mbuyu ukisogea kusini ya kipara, nawe umekwenda kusini, rudi. Alikuwa amelishika vizuri. Sasa Jumanne mimi goti lilikuwa limevimba, nikamwambia nenda na wale wawili, mjaribu mishipi kule nje, bahari imetulia, hizi ni siku za tangambili, kusi limekwisha na kaskazi haijashika. Akageuka kutazama bara akaona mbuyu. Ni ule mdogo wa kaskazini, ambao zamani ulifichwa na mkubwa. Akauweka juu ya kipara kama nilivyomwambia, na alama ikampeleka moja kwa moja kwenye mwamba wa kusini.

Na saa yenyewe! Hapo ndipo naye ana lake. Ilikuwa bamvu, siku za maji kujaa na kupwa kuliko kawaida, na yalijaa saa kumi alfajiri. Nilimwambia watoke kabla ya adhana, wakaja kutoka saa kumi na mbili, wakafika mlangoni saa mbili. Wajua mwenyewe saa mbili ya siku kama ile. Maji hupwa kabisa saa nne, na zile saa za katikati ndizo yanazokimbia, si kama mwanzo yanapovutana. Bamvu hapa kwetu ni karibu mita 3 kutoka kujaa mpaka kupwa. Mwamba ambao alfajiri ungepita juu yake na mkuku, uti wa chini wa mashua, usiguse, saa mbili umebakiwa na maji ya kiunoni. Juu ya hayo, jua liko usoni, chini, bahari yote mbele inang'aa kama bati. Kijani cha mchanga hukioni, weusi wa mwamba huuoni, hata ule mkunjo wa maji yanapopita juu ya jiwe huuoni. Ameniambia hakuona kitu mpaka aliposikia.

Ana simu yenye ramani. Alikuwa na mstari wa safari ya nyuma na ulimwonyesha kuwa yuko pembeni kidogo, akauamini mbuyu kuliko simu. Sikumlaumu. Lakini nimemwambia vilevile kwamba ule mstari wenyewe ulichorwa siku maji yamejaa. Unakwambia ulipita wapi, haukwambii leo pana pima ngapi chini yako.

Ubao mmoja wa omo, mbele ya mashua, umepasuka kama urefu wa mkono. Fundi wa Matondoni ameutazama, anasema utabadilishwa, si kazi kubwa.

Nataka uyajue aliyoyafanya baada ya kugonga, maana baba yake mtu afaa ajivunie. Hakuwasha mashine kurudi nyuma kwa nguvu. Aliinua mashine, akashuka majini na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia, kupima pande zote, akaona mashua imeshika omo na maji yanazidi kuondoka, haitatoka. Basi akaacha kupigana nayo. Wakakata upondo mmoja, vipande wakavifanya magadi ya kuegemeza, mashua isilale ubavu. Ufa akauziba kwa shati lake na mafuta ya mashine. Kisha, maji yalipokuwa yamepwa kabisa, akaibeba nanga kwa mikono, akatembea juu ya mwamba mpaka ukingoni, akaitupa upande wa kilindi na kamba yote. Nilimuuliza nani alikufundisha hilo. Akasema babu. Shee, mimi niliona machozi. Marehemu alimwambia maneno hayo akiwa mtoto wa miaka saba, ukutani pale Shela, na yamekaa.

Maana hatari yenyewe ni maji yanaporudi. Mashua haijaelea bado, wimbi linaiinua shibiri na kuipiga chini, linaiinua na kuipiga. Wao walivuta ile kamba kila wimbi lilipoinua, kidogo kidogo, wakatoka saa saba na kitu. Nilifika na mtumbwi wa jirani nikawakuta wameshaelea, mmoja anakumba maji, Omari kashika usukani, midomo imekauka.

Sasa nije kwenye haja yangu. Nimeshampiga marufuku kupita mlango ule maji yakitoka. Akwame maji yakiingia, yatamwinua yenyewe baada ya kitambo. Akwame yakitoka, yatamweka. Hilo amelielewa. Lakini alama hatuna. Ya kwanza naweza kuitafuta upya, nina macho. Ya pili, ya kwenye kiwiko pale mlango unapopinda, sijawahi kuijua. Safari zote zile mimi nilikaa omo na upondo, na wewe ulikaa tezi, nyuma, pamoja na marehemu, na aliyekuwa akitazama nyuma ni wewe. Miaka yote tangu uhamie Mombasa nimekuwa nikipita kiwiko kwa macho matupu, saa sita, jua likiwa utosini. Wazee waliokuwa wakiijua wamekwisha. Umebaki wewe.

Njoo bamvu lijalo, siku tatu zinatosha. Tutoke maji yamepwa kabisa, tuione miamba yote ikiwa wazi, tuipime, tutafute vitu vya bara visivyoanguka, si miti tena. Omari akae tezi. Tukimaliza tupite mara nne tano maji yakiingia, yeye ameshika na sisi kimya.

Uniletee risasi ya bildi, ya kupimia kina kwa kamba, ile yenye kishimo chini cha kutia shahamu. Yetu ilipotea, na upondo hausemi kama chini ni mchanga au jiwe mpaka umeshafika juu yake. Na miwani ile inayokata mng'ao, moja ya Omari, moja yangu ukiweza.

Mama Omari umwambie wewe, au nimpigie mimi? Likizo utapewa? Ile alama ya pili bado unaikumbuka, au nayo ilikuwa mti? Ilikuwa upande wa Manda au upande wa bara? Kama huwezi kuja upesi, waweza kuichora japo kwa kalamu ukampa dereva wa basi? Na kifua chako, zile dawa zimesaidia?

Nijibu hata kwa mistari miwili. Omari ananiuliza kila siku lini atatoka tena, na mashua itakuwa tayari Ijumaa.

Wako,
Bakari