Si kila tumbo ni vidonda

Mhariri,

Mtu mzima akilalamika tumbo linalouma na kuacha, huku akitapika nyongo, haraka huambiwa ana vidonda vya tumbo. Naomba madaktari wafikirie pia kasoro ya kuzaliwa ya utumbo kutojipanga sawasawa. Utumbo wa mtoto tumboni mwa mama huzunguka nyuzi 270; usipomaliza mzunguko huo, kidole tumbo huweza kukaa kushoto, na utumbo mwembamba huning'inia kwenye shina jembamba linaloweza kujisokota na kukata damu. Picha ya CT (eksirei ya kompyuta) huonyesha mishipa ya damu ya utumbo iliyobadilishana nafasi. Upasuaji alioueleza daktari mpasuaji wa Marekani, William Ladd, mwaka 1936 ungali unatumika: kusokotoa utumbo, kukata tando zinazoubana, na kuondoa kidole tumbo. Anayerudishwa nyumbani kila mara na dawa za kupunguza asidi apigwe picha hiyo kabla utumbo haujaoza.

Msomaji wako