Mama, Mwambie Baba Mdogo

Edinburgh, Januari

Mama, shikamoo.

Pesa ya mabati nimetuma jana kwenye simu ya dada. Ukienda kutoa nenda naye, usimtume mtu. Ya fundi nitatuma mwisho wa mwezi. Mimi mzima, kazi ya usiku inaendelea, baridi ni ile ile.

Kilichonifanya niandike ni maneno ya Baba Mdogo. Yamenifikia, Mama. Eti mtu mzima nimekaa Ulaya napaka rangi kama mtoto wa chekechea huku nyumba ya marehemu inavuja. Siku mbili sikupata usingizi. Mabati hayo yametoka kwenye rangi hiyo hiyo, na naomba umwambie mbele ya watu, kama alivyosema yeye mbele ya watu.

Maana ile picha ya kivukoni imenunuliwa! Ile niliyopiga kwa simu tukivuka kutoka Bweni, asubuhi baada ya arobaini ya baba, mto umetulia na mashua moja imetweka tanga. Nimeichora kwa rangi za maji mara tano, nne nikazichana. Rangi za maji hazina msamaha: weupe haupakwi, weupe ni karatasi yenyewe, unauacha tangu mwanzo. Brashi ikipita juu yake, basi tena. Lile tanga ni karatasi tupu, sikuligusa, nimelizungukia tu na rangi ya mto. Picha ilitundikwa mwezi uliopita kwenye maonyesho ya wachoraji wa mtaani kwetu hapa. Bibi mmoja akasimama mbele yake muda mrefu, akaniuliza huo ni mto gani. Nikamwambia ni Pangani, maji yake yanatoka Kilimanjaro na Meru. Akalipa pauni 140 bila kuomba punguzo.

Na sijajifunzia gizani. Hapa mjini kuna jumba la sanaa lenye picha 38 za rangi za maji za Turner, yule Mwingereza aliyefariki mwaka 1851. Aliyeziacha, tajiri Vaughan, aliusia zionyeshwe Januari tu, zote pamoja, bure, kwa sababu mwezi huu mwanga ni hafifu na mwanga mkali hufubaza rangi. Zilifika hapa mwaka 1900 na wasia unafuatwa hadi leo. Nimeenda mara tatu mwezi huu, nikitoka kazini, na kila nikisimama pale namfikiria baba. Watu hawa wanashika neno la marehemu ambaye hata si ndugu yao. Sisi neno la baba kuhusu minazi ya ufukweni, hata miaka miwili hatujaifikisha.

Jumapili nilikwenda Cramond na kamera. Kuna kisiwa pale, maji yakipwa unakiendea kwa miguu. Wenyeji wanasoma saa kwenye ubao. Mimi nilitazama mchanga nikajua muda niliobakiwa nao, kama baba alivyonifundisha. Nikapiga picha, kisha nikatoa karatasi nichore. Rangi ikaganda palepale! Barafu iliacha michirizi kwenye karatasi, myembamba kama majani ya mvinje. Nilikaa nikiitazama mpaka jua likazama, na ilikuwa saa kumi tu. Nilitamani hata harufu ya dagaa wa pale kivukoni.

Sasa ombi langu. Mwambie dada, mvua za bara zikishuka, asimame kivukoni alfajiri apige pale maji ya mto yanapokutana na ya bahari. Asirembeshe kwa programu yoyote. Wiki nzima nachanganya rangi ile, inanitokea ya chai, na naijua kwamba siyo.

Na ile minazi aipige pia, mmoja mmoja, yote kumi na saba, kabla Baba Mdogo hajaleta mtu wake wa vipimo.

Mwanao