Usiifute tena Skyrim yako

Ndugu yangu Salim,

Picha uliyonitumia imefika. Nilicheka kwanza, unisamehe, kisha nikakuonea huruma. Kuta za Whiterun, ule mji wa kwenye Skyrim, zambarau tupu kama zimemwagiwa wino, na Lydia, mfuasi wako mle kwenye gemu, kasimama mbele yako uso wa rangi ya majivu, shingo ya rangi nyingine, utadhani kaazima kichwa. Halafu unaniambia umeifuta gemu nzima na kuipakua upya mara mbili! Bwana wee, usiifute mara ya tatu. Gemu haina kosa. Ukiifuta na kuirudisha, kisha ukawasha modi zilezile, yaani zile nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji, kwa mpangilio uleule, utarudi kwenye zambarau ileile.

Hapo pana magonjwa mawili, si moja. Nianze na kuta.

Zambarau ni njia ya gemu kukwambia kwamba haikuiona picha. Kila kitu mle ndani kina umbo, na juu ya umbo hubandikwa picha, ndiyo hiyo teksha. Faili ya umbo imeandikiwa ndani mwake anwani ya picha zake: folda fulani, jina fulani, mwisho wake .dds. Gemu huifuata anwani, na ikikuta patupu hupaka zambarau. Lingekosekana umbo lenyewe, ungeona alama nyekundu ya mshangao inaning'inia pale penye ukuta. Kwako ukuta umesimama, kwa hiyo tunatafuta picha tu. Na angalia, nimesema haikuiona, sikusema haipo.

Nakukazia neno hilo kwa sababu liliniumiza. Niliwahi kukuta plagini moja, ile faili ya modi inayoiambia gemu nini kibadilike, kwenye orodha yangu, nikaifungua kwa SSEEdit, programu ya kuchungulia plagini, ndani hamna hata rekodi moja. Nikajiona mjanja, nikaizima ili orodha ipungue. Nilipowasha gemu, milango yote zambarau! Nikailaumu kadi ya grafiki, nikabadilisha draiva, nikapakua modi upya, usiku wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha. Kumbe teksha zote za modi ile zilikuwa ndani ya kifurushi cha BSA, yaani faili moja iliyofungiwa faili nyingi, na gemu haikifungui kifurushi cha modi ikiwa plagini ya jina lake haikuwashwa. Ile plagini tupu haikuwa na kazi nyingine duniani ila kushika ufunguo wa mlango, na mimi nikamfukuza bawabu.

Sasa wewe umeandika, tena kwa kujisifu, kwamba wiki iliyopita "ulisafisha orodha". Niliposoma hapo masikio yalinisimama. Fungua Mod Organizer, ile programu ya kupanga modi, kushoto modi na kulia plagini. Upande wa kulia, tazama ni plagini zipi umezitoa alama ya tiki, kisha uangalie kama kuna kifurushi cha BSA chenye jina hilohilo, au jina hilo likifuatiwa na neno Textures. Ukikipata, rudisha tiki. Naweza kuweka dau kwamba kuta zako zitapona hapohapo.

Zisipopona, chukua faili ya umbo la ukuta, uifungue kwa NifSkope, programu ya kutazama maumbo, usome anwani ya picha. Halafu nenda kwenye kichupo cha Data katika Mod Organizer, maana pale unaona faili kama gemu itakavyoziona baada ya modi zote kupangwa. Fuata anwani folda kwa folda. Mara nyingi utakuta mtu kafungua zip vibaya, folda ya textures imeingia ndani ya folda nyingine ya textures, basi gemu inabisha hodi nyumba siyo.

Utaambiwa pia ufungue konsoli, kile kidirisha cha kuandikia gemu amri, na kubofya ukuta ili usome tarakimu mbili za mwanzo za namba yake. Fanya, lakini usidanganyike. Zikiwa 00, maana yake ukuta uliwekwa na gemu yenyewe. Hazikwambii nani kaupaka rangi. Ukuta ni wa asili, rangi inaweza kuwa ya modi ya kumi na saba.

Tuje kwa Lydia. Kichwa cha kila mhusika mwenye jina huwa kimetengenezwa kabla na kuwekwa katika folda ya FaceGenData. Plagini nayo ina rekodi yake: nywele hizi, pua hii, rangi hii. Vikipingana, uso hugeuka majivu. Wewe una modi mbili za kuwapendezesha wafuasi, sivyo? Basi moja imeshinda upande wa kulia, kwenye plagini, na nyingine imeshinda upande wa kushoto, kwenye faili. Lydia ana cheti cha huyu na sura ya yule. Chagua mmoja, umpe ushindi pande zote mbili. Vile vialama vya radi upande wa kushoto vitakuonyesha nani anamfunika nani. Kumbuka tu kwamba faili iliyo wazi ndani ya folda huishinda iliyofungwa ndani ya BSA, hata ukiipandisha na kuishusha plagini mpaka uchoke. Ukipenda zote mbili kwa sehemu, ipo njia ya kumtengenezea uso upya kwa Creation Kit, programu ya kuhariri gemu, unamchagua na kubonyeza Ctrl na F4, lakini hiyo tuifanye pamoja siku nyingine.

Usifanye majaribio haya kwenye safari yako uliyohifadhi. Kutoa modi katikati ya mchezo kunaweza kuiharibu, na wewe una saa nyingi mle. Tengeneza profaili mpya katika Mod Organizer, washa gemu, na hapo kwenye menyu ya mwanzo fungua konsoli uandike coc whiterunorigin. Itakutupa mjini moja kwa moja. Tazama kuta, toka, badilisha kitu kimoja, rudi. Kimoja, Salim. Nakujua.

Lile ulilolalamikia la milima kumetameta kwa mbali silo la teksha kabisa. Mara nyingi ni nyuso mbili zimelazwa mahali pamoja zinagombea kuonekana. Liache kwanza.

Mwisho nimeona kwenye orodha yako teksha za 8K za mapipa. Mapipa! Picha moja ya pikseli 8192 kwa 8192, hata ikibanwa kwa BC7, njia mojawapo ya kubana teksha, inakula megabaiti 64 za kadi yako, na nakala zake ndogo za kutazamwa kwa mbali zinaongeza kama theluthi. Bado hujaweka ile ramani ya mabonde na matuta yake, ambayo nayo huenda ni kubwa vilevile. Halafu unalalamika gemu inakwamakwama ukiingia sokoni.

Nitumie orodha yako yote, kushoto na kulia, kabla hujagusa kitu. Na hayo mapipa yashushe hadi 1K leo leo.

Wako,
Idi