Kabla ya Kuchagua Rangi ya Jiwe la Jikoni, Angalia Kinachopikwa Humo

Mteja anayefika karakanani kwetu kuchagua jiwe la kaunta ya jikoni mara nyingi huanza kwa kutuonyesha picha katika simu yake, yenye makabati meupe na jiwe jeupe lenye michirizi ya kijivu. Sisi humuuliza kwanza kwake kunapikwa nini. Wapo wanaoshangazwa na swali hilo, lakini jibu lake ndilo linaloamua kama jiwe litadumu na uzuri wake au litaanza kupauka miezi michache baada ya kuhamia.

Marumaru halisi, ambayo isichanganywe na vigae vya sakafuni, ni kalsiamu kaboneti, yaani kitu kilekile kilichomo katika matumbawe ambayo watu wa pwani wameyachoma tangu zamani ili kupata chokaa. Asidi hukila kitu hicho, na mapishi yetu yamejaa asidi: ndimu ya samaki, ukwaju, siki ya kachumbari, nyanya, embe bichi la achari. Kipande cha ndimu kilichokatwa na kusahauliwa juu ya marumaru iliyong'arishwa huacha duara lisilong'aa, ambalo halionekani ukisimama mbele yake, bali huonekana ukiinama na kulitazama kwa upande penye mwanga wa dirisha, na ukipitisha ncha ya kidole unahisi mkwaruzo mdogo. Hilo si doa, ni uso wa jiwe uliolika. Sabuni haiwezi kuliondoa, na hata dawa ya kuziba vitundu vya jiwe haiwezi kulizuia, kwa sababu kazi ya dawa hiyo ni kuzuia maji na mafuta yasipenye ndani, si kuikinga sura ya jiwe na asidi. Njia iliyobaki ni kusugua na kung'arisha upya. Kwa hiyo, katika nyumba ambamo samaki hutiwa ndimu kila siku, hatushauri marumaru karibu na sinki hata kama mteja yuko tayari kulilipia, ingawa kwenye meza ya kukandia unga au bafuni hatuna pingamizi.

Graniti ina tabia nyingine. Imeundwa zaidi kwa kwazi na felspa, madini magumu yasiyodhuriwa na asidi za chakula. Majabali ya Mwanza yanayosimama ndani ya Ziwa Victoria, likiwemo lile maarufu la Bismarck, ni graniti. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs marumaru hupata 3 na graniti kati ya 6 na 7, ndiyo maana kisu huikwaruza marumaru, lakini juu ya graniti kinachoharibika ni kisu chenyewe. Hata hivyo graniti zote hazilingani. Zile za rangi nyepesi mara nyingi hunyonya zaidi, na bizari ya manjano iliyochanganyika na mafuta ya moto ikilala usiku kucha kwenye jiwe ambalo halijatiwa dawa itabaki humo. Nyeusi zilizoshikamana hunyonya kidogo sana, ila sokoni yapo mawe ya kijivu yaliyopakwa rangi ili yaonekane meusi.

Ndiyo sababu tunampa mteja kipande cha jiwe aende nacho nyumbani. Adondoshe maji upande mmoja na asubiri dakika 15: sehemu hiyo ikigeuka nyeusi zaidi, jiwe linanyonya na litahitaji dawa. Upande wa pili adondoshe ndimu kwa muda huohuo, kisha aipanguse na kutazama kama mng'ao umepotea. Kwa jiwe jeusi, asugue kwa kitambaa cheupe chenye asetoni, ambayo watu wengi wanaifahamu kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Kitambaa kikitoka na weusi, rangi hiyo ilipakwa.

Jiwe la tatu linaloulizwa sana ni lile la kiwandani, ambalo kwa kawaida huwa na zaidi ya asilimia 90 ya chembe za kwazi zilizogandishwa kwa gundi ya plastiki. Halinyonyi, halihitaji dawa, na rangi yake haibadiliki kutoka bamba moja hadi jingine. Udhaifu wake uko kwenye gundi. Joto linalozidi nyuzi 150 hivi linaweza kuiunguza, na karai la maandazi lililotoka motoni lina joto zaidi ya hilo. Jua nalo huifanya ipate umanjano, hivyo halifai kwa jiko la barazani. Vumbi linalotoka jiwe hili likikatwa bila maji ni hatari kwa mapafu kiasi kwamba Australia ilipiga marufuku mawe ya aina hii kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Graniti pia ina vumbi la namna hiyo, ingawa kwa kiwango kidogo zaidi, na kwa sababu hiyo tunakata kwa maji karakanani na hatukubali kukata kwa grinda kavu ndani ya nyumba ya mtu, hata kama ni kona ndogo tu iliyobaki.

Kuhusu ufungaji, malalamiko mengi yanayohusu jiwe kupasuka chanzo chake kiko chini ya jiwe. Kaunta ya graniti yenye urefu wa mita 3, upana wa sentimita 60 na unene wa milimita 20 ina uzito wa karibu kilo 97, na ya milimita 30 inakaribia kilo 146. Kabati la MDF, yaani mbao za unga wa mti uliogandishwa kwa gundi, lililolowa miguuni haliwezi kubeba uzito huo bila kuinama, na jiwe halijui kuinama. Ndiyo maana hatuchukui vipimo kabla makabati hayajafungwa ukutani na kukaguliwa kwa pima maji, na tunaomba sinki lenyewe liwepo siku hiyo, si picha yake, kwa kuwa tundu la sinki ndilo sehemu dhaifu kuliko zote. Kona za ndani za tundu hilo lazima ziwe za mviringo, maana ufa huanzia kwenye kona kali. Maungio yasiwekwe hapo, na sehemu inayotokeza nje kwa ajili ya viti iwekewe vyuma vya kuishikilia ikizidi sentimita 20 hivi. Jambo dogo ambalo mafundi wengi hulisahau: silikoni yenye harufu ya siki ina asidi, hivyo kwenye marumaru hutumika ile isiyo na harufu hiyo.

Utunzaji wa kila siku hauna ugumu. Kitambaa laini, maji ya vuguvugu na matone machache ya sabuni ya vyombo vinatosha. Dawa za kusafishia choo na mchanganyiko wa siki na ndimu unaosifiwa mitandaoni visikaribie jiwe. Jiko la mkaa lisiwekwe moja kwa moja juu ya kaunta, hata ya graniti, kwa sababu sehemu moja ikipata moto mkali huku ya jirani ikibaki baridi, jiwe linaweza kupasuka. Kipimo cha maji tulichokieleza hurudiwa kila mwaka, na jiwe likianza kunyonya, husafishwa, likaachwa likauke kwa siku nzima, likapakwa dawa, na dawa iliyozidi ikafutwa kabla haijakauka juu. Doa la mafuta lililokwisha kupenya hupakwa uji mzito wa baking soda na maji, likafunikwa kwa nailoni usiku kucha. Mara nyingi hulazimu kurudia, na kila mara doa hupungua kidogo.