Barua kwa mwanangu: kabla hujachagua mtandao wa kuwafundishia wafugaji

Mwanangu mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kutoka Muheza. Mama yako na mimi tu wazima, na tunamshukuru Mungu kwa kukujalia kumaliza masomo ya udaktari wa mifugo na kupata kituo cha kazi. Uliniuliza kwa simu ni mtandao upi wa kijamii utakaokufaa kuwaelimisha wafugaji wa kuku, nami sikutaka kukujibu kwa neno moja, kwa sababu mitandao hii, ingawa yote hufunguliwa kwenye simu ile ile na kwa bando lile lile, haifanyi kazi kwa namna moja. Kila mmoja una kanuni yake ya kuamua nani aone neno lako, alione lini, na nani awe na uwezo wa kulisahihisha au kuliondoa. Kwa mtu anayesema jambo ambalo likikosewa kuku wa watu watakufa, kanuni hiyo ina uzito kuliko idadi ya wafuasi.

Tuchukue jambo moja tulifuate: kideri, ugonjwa wa kuku. Wewe unajua kuliko mimi kwamba kideri husababishwa na virusi, kwamba antibiotiki haziui virusi, na kwamba kinga yake ni chanjo, kama ile ya I-2 inayodondoshwa tone moja kwenye jicho la kuku na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Maneno hayo ni machache na yanaeleweka. Tazama sasa yanavyotendewa kila unapoyaweka.

Ukiyaweka WhatsApp, waliko wafugaji wengi wa huku kwetu, hakuna mashine inayochagua nani ayaone. Ujumbe humfikia kila mwanakundi kwa mfuatano wa saa, na tangu 2016 unafungwa kwa usimbaji kati ya simu ya mtumaji na ya mpokeaji, hata kampuni yenyewe haiwezi kuusoma. Kwa faragha hilo ni jema sana. Lakini maana yake pia ni kwamba watu wakidanganywa ndani ya kundi, hakuna wa nje atakayejua mpaka mmoja wao aseme. Tena ujumbe ukisambazwa, jina la aliyeuandika mwanzo haliendi nao. Mpokeaji huona tu kwamba umesambazwa. Katika kundi moja la wafugaji nililomo ulipita ujumbe uliosema kuku wanaokoroma na kuharisha kijani wapewe antibiotiki ya unga kwenye maji kwa siku tano, na chini yake kuliandikwa "Daktari", bila jina, bila kituo, bila tarehe. Nilipouliza umetoka wapi, aliyeuleta alisema ameupata kwenye kundi la kwaya, na huyo wa kwaya aliupata kwa shemeji yake Morogoro. Katika mnyororo huo sikumwona aliyekusudia kudanganya. Kila mmoja alitaka kumsaidia jirani, na mwenye neno alikuwa amekwisha kupotea njiani.

Kampuni yenyewe iliiona hatari hiyo. Mwaka 2018, baada ya watu kuuawa nchini India na makundi yaliyochochewa na uvumi uliosambaa kwenye simu, WhatsApp ilianza kubana usambazaji. Januari 2019 ikaweka kikomo cha kupeleka ujumbe kwa watu au makundi matano kwa mara moja duniani kote, na Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi ukaruhusiwa kupelekwa mahali pamoja tu kwa mara. Vikomo hivyo vinapunguza mwendo wa uongo, ila vinapunguza mwendo wa ukweli vilevile, na havimrudishi mwandishi. Kumbuka pia kwamba una dakika 15 tu za kuhariri ujumbe wako, na nakala ambazo watu wamekwisha kuzipeleka kwingine hazitaharirika nawe.

Facebook ni jambo jingine kabisa, na hapa nakuomba usome polepole. Ilipoanza mwaka 2004 ulilazimika kwenda mwenyewe kwenye ukurasa wa rafiki kuona alichoandika. Septemba 2006 ukaletwa ukurasa unaokusanya habari za watu wote mahali pamoja, Februari 2009 kikaja kitufe cha laiki, na kadiri miaka ilivyokwenda algorithimu ikakabidhiwa kazi ya kupanga kipi kitangulie. Algorithimu hiyo haijui ukweli wa kideri. Inachojua ni kukadiria chapisho lipi litakufanya uguse, uandike, ubaki, kwa maana kampuni hupata karibu mapato yake yote kwa matangazo ya biashara, na matangazo yanahitaji macho yaliyokaa. Nyaraka za ndani zilizofichuliwa mwaka 2021 na Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo, zilionyesha kwamba kuanzia 2017 mfumo ulizipa alama za hisia, ikiwemo ile ya uso wenye hasira, uzito mara tano ya laiki ya kawaida. Mwaka 2020 ndipo uzito wa alama ya hasira uliposhushwa hadi sifuri. Kwa miaka mitatu hivi, mwanangu, kumkasirisha mtu kulihesabiwa kuwa kazi nzuri kuliko kumpendeza.

Kwa hiyo chapisho lako tulivu la chanjo litapata laiki za shangazi zako na wanafunzi wenzako, kisha litazama. La yule anayesema chanjo ndizo zinazoua kuku litagombaniwa, na kila anayeligombania analisukuma juu, pamoja na anayelipinga. Ukikutana nalo, usijibizane chini yake. Andika lako upya, kwenye ukurasa wako, ueleze kosa bila kulirudia neno kwa neno. Instagram sitaisemea sana: ni mali ya kampuni hiyo hiyo, na tangu 2016 nayo imeacha kupanga picha kwa saa.

Liko pia suala la nani anaondoa chapisho. Mashine hufanya sehemu kubwa, lakini nyuma yake wapo watu, na wengi waliopitia machapisho ya lugha zetu za Afrika walikuwa Nairobi, wakiajiriwa na kampuni ya Sama kwa mkataba wa Meta, kampuni yenye Facebook. Mei 2022 mmoja wao, Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini, alizishtaki kampuni hizo mbili katika mahakama za Kenya, akieleza madhara ya akili yatokanayo na kutazama picha za ukatili siku nzima na ujira mdogo waliolipwa, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba Meta inaweza kushtakiwa huko. Naandika haya ili ujue kwamba unaporipoti uongo wa Kiswahili, anayeupokea anaweza kuwa kijana aliyechoka, au mashine ambayo Kiswahili imejifunza kidogo kuliko Kiingereza.

TikTok hukufungulia mlango ambao Facebook hukufungia. Kampuni yenyewe ilieleza mwaka 2020 kwamba idadi ya wafuasi haiingii moja kwa moja katika kuamua video ipendekezwe kwa nani, na kwamba mtu kuitazama video mpaka mwisho ni ishara nzito. Msichana wa Handeni mwenye wafuasi kumi anaweza kuonekana na maelfu kesho yake. Hilo ni haki ambayo vyombo vya zamani havikuwapa watu wa vijijini, nami naiheshimu. Ila mtazamaji hakukutafuta, ameletewa. Huenda hafugi hata kuku mmoja, na aliyeihitaji video yako kuku wakikoroma saa kumi alfajiri hatakumbuka ilipita lini wala ilikuwa ya nani.

Kwa huyo wa alfajiri, YouTube ni bora, kwa sababu watu huenda pale kutafuta. Ataandika "dalili za kideri" na video ya miaka mitatu iliyopita itamfikia bado. Nayo ina tamaa yake: tangu 2012 hupima muda ambao watu wamekaa wakitazama kuliko idadi ya waliofungua, ndiyo sababu unaona walimu wengi wakizunguka dakika kumi kabla ya kusema jambo la dakika mbili. Wewe sema mapema. Na ujue kwamba video ikishapandishwa huwezi kubadilisha picha na kubaki na anwani ile ile. Ukikosea kipimo cha dawa itakubidi uiondoe na kuanza upya, na waliokwisha kuipakua watabaki na kosa lako.

Mtandao wa X unafaa zaidi jambo la saa hiyo kuliko somo la kudumu. Vijana wa Kenya waliutumia kwa nguvu Juni 2024 kupinga Muswada wa Fedha, mpaka Julai Rais Ruto mwenyewe akaingia humo kujibu maswali yao kwa sauti. Lakini toka Elon Musk alipoununua Oktoba 2022, alama ya buluu, iliyokuwa ikithibitisha mtu ni nani, imekuwa ya kulipia, na majibu ya wanaolipa hutangulizwa. Mei 2025 ulizuiwa hapa Tanzania. Usiutegemee kwa wafugaji wa Muheza.

Sasa nije kwenye majukwaa ya mijadala, ambayo kizazi chenu mnayaona ya kizee, nami nayapenda. JamiiForums ilianzishwa mwaka 2006 na Maxence Melo na Mike Mushi, na mpango wake ni wa mada, hauangalii sana umaarufu wa mtu. Anayeuliza hufungua uzi katika sehemu yake, kilimo na ufugaji, siasa, afya. Wengine hujibu chini yake kwa zamu. Na jibu jipya linapoingia, uzi wote hurudi juu, hata kama ulifunguliwa miaka mingi nyuma. Nimesoma humo uzi wa ufugaji ambamo mtu aliuliza kwa nini vifaranga wake wanalegea mabawa, akajibiwa na watano waliopingana, akaja mtaalamu akauliza umri wao na chakula walichokula, na wiki kadhaa baadaye mwuliza akarudi kueleza kilichotokea. Marejeo kama hayo ndiyo ninayoyatafuta kwenye mitandao mingine nisiyaone. Swali, mabishano, marekebisho na matokeo vinakaa mahali pamoja, na Google inavipata.

Watu wa humo hutumia majina ya kupanga, na uhuru huo una gharama zake. Desemba 2016 Melo alikamatwa baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wake. Juni 2018 jukwaa lilifungwa kwa muda kutokana na kanuni mpya za leseni za maudhui ya mtandaoni. Na Septemba 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ilisitisha leseni yake kwa siku 90. Mahali palipo pazuri kuhifadhi maarifa panaweza kufungwa asubuhi moja. Reddit ya Marekani inafanana nayo kwa mada, isipokuwa kule jibu hupanda au kushuka kwa kura za wasomaji, na wasimamizi wake hufanya kazi bila malipo. Juni 2023 maelfu ya jumuiya zake zilijifunga kupinga bei mpya ambayo kampuni iliwatoza watengenezaji wa programu za nje, lakini kampuni haikubadili msimamo. Walioijenga jumuiya kwa jasho waligundua kwamba ufunguo hawakuwa nao.

Ushauri wangu, basi, ni huu. Somo la kideri liandike kwanza kwa ukamilifu, ulihifadhi kwako, kisha ulifungulie uzi kwenye jukwaa la mada kwa jina lako halisi na kituo chako, kwa kuwa daktari hana sababu ya kujificha anapofundisha, na watu wapate pa kukuuliza na kukupinga. Namna ya kudondosha tone kwenye jicho irekodi kwa YouTube, mkono na kuku vikionekana karibu, kwa sababu hilo maandishi hayalifikishi. Kwa WhatsApp tuma sauti fupi, na ndani ya sauti yenyewe, mwanzoni, taja jina lako, kituo chako, mwezi na mwaka. Jina lililoandikwa chini ya ujumbe mtu hulikata. Lililotamkwa ndani ya sauti litasafiri nayo hadi kwa shemeji wa Morogoro. TikTok na Facebook zitumie kuwaonyesha watu njia ya kufika kwenye uzi na video, na maoni yao yajibu saa uliyojipangia, usiyaache yakufuate kitandani. Chapisho lisipopata laiki usilipime kwa hilo. Muulize bwana mifugo wa kata ni watu wangapi wamekuja kuchanja.

Nitumie rasimu kabla hujaichapisha. Nitamsomea mama yako kwa sauti, na pale atakapokwama nitaweka alama, maana yeye ndiye mwenye kuku.

Baba yako akupendaye.