Nyaraka za mkopo zishughulikiwe likizo ya Desemba

Mhariri,

Kila dirisha la mikopo ya elimu ya juu linapofunguliwa katikati ya mwaka, wito ni uleule: ombeni mapema. Mtoto wa kaya maskini wito huo humkuta ameshachelewa. Kujaza fomu mtandaoni si kazi kubwa. Kazi ni vyeti vya kuambatanisha, na vingine kuvipata ni suala la miezi.

Chukua yatima. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu Tanzania (HESLB) hutaka cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, au ZCSRA, wakala kama huo kwa Zanzibar. Kifo kinapaswa kuandikishwa ndani ya siku 30, lakini vijijini watu huzika, wakaanua matanga, habari ya cheti ikaishia hapo. Miaka kumi baadaye binti anamfuata mtendaji wa kijiji kuomba barua, anatafuta nauli ya kwenda ofisi ya mkuu wa wilaya kuandikisha, na uhakiki bado unamsubiri. Cheti kipya kikimwita baba Juma Saidi, na cha kuzaliwa cha binti kikisema Saidi Juma, anarudi alikotoka.

Majina ndiyo yanayoumiza wengi. Mwombaji hutambuliwa kwa namba yake ya mtihani wa Kidato cha Nne, hivyo jina la cheti cha kuzaliwa likitofautiana na lile la Baraza la Mitihani (NECTA), hata kwa herufi, panahitajika marekebisho au hati ya kubadili jina. Hilo halimaliziki kwa wiki moja, na wakati huo wengi wa waliomaliza Kidato cha Sita wako kambini Jeshi la Kujenga Taifa (JKT).

Wa kaya za TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, wanatakiwa kuandika namba ya kaya. Wengi hawaijui, kwa kuwa kadi iko kwa bibi na wao wamesoma bweni mkoa mwingine. Wenye ulemavu wana fomu yao, inayosainiwa na Mganga Mkuu wa Wilaya au Mkoa. Kwa kijana wa baiskeli ya magurudumu matatu, hiyo safari peke yake ni mtihani.

Halafu kuna steshenari, maduka ambako wengi hujaziwa fomu mtandaoni. Asiye na simu wala barua pepe huandikiwa zile za mwenye duka, na nywila ikabaki dukani. Fomu ikichapwa, hutakiwa sahihi ya mwombaji, ya mdhamini, ya serikali ya mtaa au kijiji pamoja na muhuri, na ya wakili au hakimu. Muhuri ukisahaulika, au ukurasa ukipigwa picha yenye kivuli, Bodi hutoa nafasi ya kurekebisha dosari. Ujumbe wa kumjulisha mwombaji huingia kwenye simu ya mwenye duka, naye siku hiyo ana wateja hamsini. Laini ya simu yenye jina la mwanafunzi mwenyewe, hata ya kuwekwa kwenye simu ya jirani, ingewaokoa wengi.

Dawa ipo, na haihitaji bajeti mpya. Likizo ya Desemba ya Kidato cha Sita mwanafunzi yuko nyumbani, karibu na mtendaji, na dirisha liko mbali kwa miezi sita. Kabla hawajafunga shule, mwalimu wa taaluma akae na kila mmoja, aweke cheti cha kuzaliwa kando ya matokeo ya Kidato cha Nne na kuyalinganisha majina herufi kwa herufi. Ampe karatasi ya vinavyokosekana: cheti cha kifo, namba ya TASAF, fomu ya ulemavu, kitambulisho cha mdhamini. Januari waliokwama wajulikane kwa majina, na shule iwaandikie barua watendaji wao.

Kwa upande wa HESLB tunaomba mawili. Orodha ya nyaraka itolewe Novemba, isisubiri dirisha. Na ada ya maombi, shilingi 30,000, kwa yatima na wa kaya za TASAF ikatwe kwenye mkopo baada ya kupangiwa, kwa sababu wapo wanaoshindwa kuomba kwa kukosa fedha hiyo tu.

Walimu wa Kidato cha Sita,
Kigoma