Dada yangu, lile godoro la sufi

Dada yangu,

Tangu arusi ile hatujasemezana, na kwa kuwa simu zangu huzipokei, nimeona niandike hapa, ingawa najua wako watu wa mtaani watakaosoma kabla yako.

Asubuhi moja tu ndiyo iliyonikaa, ile ya siku ya kutia hina, ulipomtwika mwanao godoro la sufi lililolowa na kumpitisha vichochoroni kutoka mtaa wa Langoni hadi pwani, wageni wakiwa barazani wakinywa kahawa. Godoro lile lilikuwa zito hata kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka 8 alilikokota upande mmoja, pembe yake ikifagia mavi ya punda, na wenziwe nyuma wakimwimbia kikojozi. Hakulia. Aliitazama miguu yake tu, nami nilikuwa palepale barazani na kikombe changu, nisitamke neno.

Ungekuwa mtu mwingine ningesema hujui. Mimi nilikojoa kitandani hadi miaka 11, na ni wewe uliyekuwa ukiamka kabla ya adhana ya alfajiri, ukaligeuza godoro langu na kuifua shuka, Mama asijue. Huruma ile uliiweka wapi?

Daktari niliyempelekea mtoto alinieleza kwamba jambo hili hufuata damu. Mzazi mmoja akiwa aliwahi kuwa nalo, karibu watoto 4 kati ya 10 hulipata, na sikuona haya kumwambia kuwa mimi mjomba mtu nilikuwa nalo. Si uvivu wala ujeuri. Usiku mwili hutoa homoni ya vasopresini inayopunguza mkojo, na kwa baadhi ya watoto kazi hiyo huchelewa kukomaa, huku usingizi wao ukiwa mzito hata kibofu kikijaa hakiwaamshi. Alimbonyeza tumbo pia, akauliza habari za choo, kwa sababu choo kikifunga hukibana kibofu. Akasema anywe maji ya kutosha mchana, apunguze baada ya magharibi, aache chai ya usiku, akojoe kabla ya kulala, na asiadhibiwe kwa jambo analolifanya akiwa usingizini. Yasipotosha hayo, ipo kengele inayolia tone la kwanza linapotoka, ambayo hutaka wiki nyingi na mtu mzima wa kuamka naye; vipo pia vidonge vya desmopresini, kwa sharti kwamba asinywe maji mengi usiku huo.

Ndiyo, nilimpeleka bila kukuuliza. Ulikuwa umezongwa na mambo ya arusi, na ningekuuliza ungekataa, nawe wajua ungekataa. Usiku ule ulisema nimekuvunjia heshima mbele ya wakwe. Nilidhani nafanya kwa ajili yake. Siku hizi nadhani nilikuwa nakikimbia kile kikombe cha kahawa, kwa maana kunyanyuka na kulishika godoro upande wa pili kusingenigharimu kitu.

Kombe, yale maji yanayooshea aya zilizoandikwa kwa zafarani, silipingi, sote tumenyweshwa katika nyumba ile. Lakini bakuli zima la maji ya zafarani baada ya isha, dada yangu, kwa mtoto wa namna hii!

Mpira wa kutandika chini ya shuka niliununua siku ileile na ungali kwangu. Nitauleta Ijumaa baada ya sala, nikikukuta au nisikukute, na hilo kombe mpe asubuhi.